Neno "Hatua" na Mhimili wa Wima katika Mashine ya Kuchongea Mbao

Seremala mmoja wa Heru Juu, katika nyanda za juu za Kasulu, alijiundia mashine ya kuchongea mbao iongozwayo na kompyuta, ya namna ile ijulikanayo kwa herufi CNC. Kiunzi ni cha mbao. Mota na parafujo ziliagizwa kutoka mbali. Mwendo wa kushoto na kulia, na wa mbele na nyuma, huvutwa kwa mikanda, nao haukumpa taabu. Taabu ilikuwa katika mhimili wa wima, ule upandishao na kushusha kisu. Alipoamuru kisu kishuke milimita 3, kilizama milimita 12, kikauharibu ubao wa mninga uliokwisha kupigwa randa kwa ajili ya mlango. Nalieleza jambo hili katika kurasa hizi kwa kuwa kosa lenyewe, nilipolichungua, lilikuwa kosa la lugha.

Mota ya mashine hii haizunguki mfululizo kama ya pangaboi. Huenda kwa vituo 200 katika mzunguko mmoja, na kila kituo mafundi hukiita hatua. Kifaa kiiongozacho hukigawa kila kituo mara 8, hata mipigo 1600 ya umeme yatakiwa ili parafujo izunguke mara moja. Kisha kompyuta hutaka kujua ni mipigo mingapi iletayo milimita moja. Maelezo aliyokuwa nayo seremala yalisema: gawanya mipigo kwa hatua ya parafujo. Akachukua rula, akapima kutoka tuta moja la hesi hadi la pili, akapata milimita 2. Akaandika 800.

Lakini parafujo ile haina hesi moja; ina nne, zilizochongwa sambamba kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi nne. Kati ya tuta na tuta ni milimita 2, ndiyo. Ila nati ikizungukiwa mara moja husogea milimita 8. Tarakimu sahihi ilikuwa 200. Kila amri yake ikatimizwa mara nne.

Basi neno hatua limetwikwa mambo matatu: kituo cha mota, nafasi iliyo kati ya hesi, na mwendo wa nati katika mzunguko mmoja. Parafujo ikiwa na hesi moja, la pili na la tatu hulingana, na kosa hujificha. Kwa maoni yangu, hatua iachiwe mota. La pili liitwe nafasi ya hesi, na la tatu mwendo wa mzunguko. Mwenzangu mmoja apendelea mpando, neno fupi na zuri, lakini parafujo hiyo hiyo ikilazwa haipandi popote. Hesi na parafujo tunazo tangu zamani, hili la pili kwa njia ya Wareno, na sioni haja ya kutafuta mengine.

Upungufu kama huu umo katika neno kukwama, ambalo fundi hulitumia kwa kila ubaya wa mhimili huu. Umeme ukizimwa na parafujo ikawa nzito kuzungushwa kwa mkono, hapo mhimili umekwama kweli: reli hazikuwekwa sambamba, au vumbi la mbao limeganda katika mafuta. Mota ikizunguka na parafujo isizunguke, kiungo chao kinateleza. Mstari wa penseli uliopigwa juu ya vyote viwili utakatika na kushuhudia. Kosa likilingana na amri, milimita 10 zikatoa 9 na 20 zikatoa 18, tarakimu ndiyo mbaya. Lakini kosa likiongezeka kila kisu kipandapo, mota inaruka hatua: imeelemewa na uzito inaouinua, na nguvu yake hupungua kadiri mwendo uzidivyo. Dawa yake ya kwanza ni kupunguza mwendo.

Kulegea kwa nati ndiko kunakodanganya zaidi. Katika mihimili iliyolala hujulikana mara moja, mwendo unapogeuzwa. Katika wima, uzito wa mota ya kisu huilalia nati upande mmoja, na kipimo huonekana kamili mpaka kisu kiguse mbao. Kisu chenye mikondo ishushayo vumbi hujisukuma chenyewe kwenda juu, na kina kikapungua hapo hapo mbele ya macho ya fundi asiyejua sababu.

Seremala alibadili tarakimu, na kina kikawa sawa. Limebaki la umeme. Kwa miaka mingi mji wa Kasulu ulitegemea mitambo ya dizeli, na wenyeji wa huko wazoefu wa kukatikiwa. Umeme ukikatika, mota huacha kushika. Na parafujo ya mwendo wa milimita 8, kwa kuwa mwinamo wa hesi zake ni mkali, yaweza kugeuzwa na uzito ulio juu yake, kisu kikaporomoka juu ya kazi. Ya hesi moja, milimita 2, hujifunga yenyewe. Ameagiza hiyo, akijua kwamba kazi itakwenda polepole. Na itakapofungwa, ile 800 iliyomharibia mlango ndiyo itakayokuwa tarakimu sahihi.