Kwa nini tunamlilia mwanamuziki ambaye hatukuwahi kukutana naye?

Kuna daladala moja ya kuelekea Airport ambayo dereva wake hapigi Bongo Fleva kabisa. Yeye ni zilipendwa tu, mwanzo wa safari mpaka mwisho. Mwezi uliopita niliipandia Kirumba nikirudi nyumbani Pasiansi. Hatujafika mbali akaweka wimbo wa Remmy Ongala unaoitwa "Arusi ya Mwanza". Gitaa lilipoanza tu, koo likanikaba. Nikageukia dirishani nikajifanya naangalia mawe ya mlimani, kana kwamba mtu wa Mwanza anaweza kushangaa mawe. Mzee aliyekaa pembeni yangu akaona. Akaniuliza taratibu, "Kijana, na wewe unamjua Remmy?"

Swali lake lilikuwa la haki. Nina miaka 28. Remmy alifariki tarehe 13 Desemba 2010, nikiwa na miaka 13. Sikuwahi kumwona jukwaani, na nyimbo zake nyingi zilizompa jina zilitoka kabla sijazaliwa. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Mimi hata huyo wa mbali sijui kama nafika. Sasa yale machozi yalitoka wapi?

Bahati nzuri, kumbukumbu ndiyo kitu nilichosomea uzamili, kwa hiyo swali la mzee nililibeba mpaka nyumbani. Nikalikuta na jibu ambalo sikulitarajia, na linamhusu baba yangu. Nitafika huko. Kwanza twende hatua kwa hatua.

Remmy ni nani, kwa wasiomjua

Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mashariki mwa Kongo. Mwaka 1978 alihamia Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, baadaye akawa na Matimila, bendi iliyokuja kuitwa Super Matimila. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alipanda majukwaa ya Ulaya kupitia tamasha la WOMAD, na mwaka 1989 akatoa albamu ya "Songs for the Poor Man" nchini Uingereza. Huku nyumbani watu walimpenda kwa sababu nyingine: aliimba habari za wanyonge, umaskini na kifo bila kuzungushazungusha. Wimbo wake "Mambo kwa Soksi" ulihimiza matumizi ya kondomu wakati ambapo jambo hilo lilikuwa halitamkwi mbele za watu. Uzeeni aligeukia nyimbo za Injili. Mpaka leo ukiwa Dar, konda anaita kituo cha Sinza "kwa Remmy", na abiria wanashuka bila kuuliza Remmy gani.

Urafiki wa upande mmoja

Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu jambo jipya lililoletwa na redio na televisheni. Mtu anakaa nyumbani kwake, anasikia sauti ya mtangazaji au mwimbaji kila siku, na taratibu anaanza kumwona kama mtu anayemfahamu. Anajua anavyocheka, anajua hasira zake. Mwenzake huyo hajui hata kama yeye yupo duniani. Tuuite urafiki wa upande mmoja.

Usiudharau. Ubongo wetu ulijengeka zamani sana, wakati ambapo sauti ikiongea karibu na sikio lako kila jioni, ni ya ndugu au jirani. Hauna chumba maalumu cha sauti za spika. Kwa hiyo mwimbaji akifa, unachokisikia kifuani si maigizo. Ni msiba kweli, ila umekosa taratibu za msiba: hakuna anayekupa pole, hakuna turubai, hakuna matanga. Ndiyo maana mashabiki hutafutana. Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, alipofariki London mwezi Novemba 1991, watu walikwenda kuweka maua nje ya nyumba yake, na wengi wao hawajawahi kuvuka lango lile. Walikuwa wanajitengenezea matanga yao wenyewe.

Hii inaeleza kilio cha mzee wa kwenye daladala. Yeye aliishi na sauti ya Remmy. Changu bado.

Wimbo unabeba nini?

Mwaka 2007 mtafiti Petr Janata na wenzake huko California waliwapigia wanafunzi vipande vifupi vya nyimbo zilizovuma walipokuwa watoto na vijana. Kwa wastani, vipande kama 30 kati ya kila 100 viliamsha kumbukumbu ya maisha yao: mtu fulani, mahali fulani, kipindi fulani. Miaka miwili baadaye Janata akafanya jaribio la namna hiyo watu wakiwa ndani ya mashine ya MRI. Sehemu iliyojitokeza ni ya mbele ya ubongo, katikati, nyuma ya paji la uso. Hapo ndipo muziki, hisia na habari za "mimi ni nani" zinapokutana.

Kuna na suala la raha. Mwaka 2011 Valorie Salimpoor na wenzake huko Montreal walionyesha kuwa mtu akisikiliza muziki unaomsisimua mpaka nywele zinasimama, ubongo humwaga dopamini, kemikali ileile inayohusika na chakula kitamu. Tena humwagwa mara mbili, katika sehemu mbili tofauti: wakati unasubiri ile sehemu unayoipenda, na inapofika. Ukiujua wimbo vizuri, unaanza kufurahi kabla haujafika penyewe. Si unajua ile hali ya kumwambia mwenzako "subiri, subiri, sasa hivi linaingia gitaa"? Ndiyo hiyo.

Sasa changanya hayo mawili. Wimbo unakurudishia tukio, unakurudishia na hisia yake, bila kukuomba ruhusa.

Nyimbo za ujana, na ujana wa nani?

Muulize mtu yeyote aliyevuka miaka 50 akutajie muziki mzuri. Atakutajia uliokuwepo alipokuwa kijana, kisha ataongeza kwamba siku hizi hakuna muziki, kuna kelele. Msamehe. Watafiti wameliona jambo hili mara nyingi: watu wazima hukumbuka kwa wingi zaidi mambo yaliyowapata kati ya miaka 10 na 30 hivi kuliko ya miaka iliyofuata. Ukichora grafu, panatokea kilima. Ni umri wa mambo ya kwanza: mapenzi ya kwanza, mshahara wa kwanza, mara ya kwanza kulala mbali na nyumbani. Na kila jambo la kwanza lilikuwa na wimbo ukilia mahali fulani.

Baba yangu alizaliwa mwaka 1968. Super Matimila ilipokuwa moto, yeye alikuwa ndani ya kilima chake. Sawa. Mimi je?

Hapa ndipo nilipopata jibu langu. Mwaka 2013 Carol Krumhansl na Justin Zupnick wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwasikilizisha vijana wa umri wa kama miaka 20 nyimbo zilizovuma Marekani kati ya 1955 na 2009. Walitarajia vijana wapende muziki wa wakati wao, na ikawa hivyo. Lakini kikatokea kilima cha pili: nyimbo zilizovuma wakati wazazi wao walipokuwa vijana nazo walizijua na kuzipenda, na ziliwaletea kumbukumbu. Kulikuwa hata na dalili ya kilima cha tatu, cha nyimbo za miaka ya 1960, ambacho huenda kilitoka kwa babu na bibi.

Yaani kumbukumbu za muziki zinarithiwa. Si kwa damu, kwa spika. Mzazi anapiga nyimbo za ujana wake wakati anaosha gari au anapika, mtoto yuko sakafuni anacheza, na kilima cha mzazi kinajengwa upya ndani ya mtoto.

Nyumbani kwetu ilikuwa ni redio kaseti moja kubwa ya kijivu na kanda zilizojaa kwenye kasha la viatu. Kanda ikilegea, baba aliirudisha kwa kuizungusha na kalamu. Kila Jumapili baada ya kanisa alipiga Remmy. Baba alifariki mwaka 2019. Sasa unaelewa kwa nini niligeukia dirishani.

Halafu dada akaniharibia

Ninayo kumbukumbu moja ya baba ambayo nimeitunza kama yai. Desemba 2010, jioni, redio inatangaza kifo cha Remmy. Baba yuko kwenye kigoda uani, anaongeza sauti, kisha anafunika uso kwa mikono na analia. Ni mara pekee niliyowahi kumwona akilia. Niliposhuka kwenye daladala siku ile nilimpigia dada yangu nikamsimulia.

Akanyamaza kidogo. "Mdogo wangu, siku hiyo baba hakuwepo. Alikuwa Sengerema kwa biashara. Alirudi siku mbili baadaye, na mama ndiye aliyempa habari."

Nikabisha. Yeye akabisha zaidi. Na kinachouma ni kwamba nilijua vitabu viko upande wake.

Mwaka 1986 chombo cha angani cha Challenger kililipuka mara baada ya kuruka. Kesho yake asubuhi mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwaomba wanafunzi waandike walipokuwa waliposikia habari, nani aliwaambia, walikuwa wanafanya nini. Miaka miwili na nusu baadaye yeye na Nicole Harsch wakawauliza tena 44 kati yao. Robo yao walikosea kila kitu cha msingi. Wengi walikuwa na uhakika kabisa, na wengine walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe bado walishikilia toleo jipya.

Kumbukumbu si kanda iliyohifadhiwa kwenye kasha la viatu. Kila unapoikumbuka unaijenga upya kwa vipande vilivyopo, na hisia kali haikuhakikishii usahihi. Inakuhakikishia uhakika tu, na hivyo ni vitu viwili. Inawezekana nilichukua kilio cha baba cha siku nyingine, kigoda cha kila jioni na tangazo la redio, nikavishona pamoja.

Tukikumbuka pamoja

Msibani watu husimulia, na kusimulia kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kufariji. Ya pili ni kuchagua. Mwaka 2007 Alexandru Cuc, Jonathan Koppel na William Hirst walionyesha kuwa mtu akisimulia sehemu ya jambo na kuiacha sehemu nyingine inayofanana nayo, ile iliyoachwa hufifia, kwake na hata kwa msikilizaji wake. Ndiyo maana mwanamuziki akifa, baada ya miaka wote tunabaki na nyimbo zilezile tatu na kisa kilekile kimoja. Vile vidogo vya nyumbani vinapotea bila mtu kuviua.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Mimi, dada na mama tuliandika, kila mtu kivyake bila kuulizana, tunachokumbuka kuhusu baba na Remmy. Kisha tukasomeana. Matoleo matatu, tofauti karibu kila mahali. Mama aliandika kwamba baba aliporudi kutoka Sengerema hakulia hata kidogo: alikaa uani kimya, akapiga kanda upande mmoja mpaka ukaisha, akageuza. Dada aliandika kwamba alikuwa anahofia betri zitaisha. Kitu kimoja tu kilikuwepo kwenye karatasi zote tatu: kigoda uani.

Na kilio? Mama alifikiri, akasema, "Alilia siku ya kumzika bibi yako. Na wewe ulikuwepo."

Ilinichukua siku kadhaa kukubali. Nilipoteza tukio moja, nikarudishiwa mawili: baba analia kwa ajili ya mama yake, na baba anageuza kanda kimyakimya kwa ajili ya Remmy. Huzuni yangu kwenye daladala haikuwa ya uongo, ila anwani ndiyo ilikosewa.

Jaribu nyumbani kwako

Kama mzazi, mjomba au bibi yako bado yupo, fanya jaribio hili wikiendi hii. Mpigie wimbo wa wakati alipokuwa na miaka 15 hadi 25. Usimuulize "unaukumbuka?", maana atajibu ndiyo na mambo yataishia hapo. Muulize: ulikuwa wapi, nani alikuwepo, redio ilikuwa ya nani? Rekodi kwa simu au andika palepale. Kama mko wengi, kila mtu aandike kwanza, ndipo mzungumze. Mkitofautiana msigombane, andikeni matoleo yote na tarehe ya leo.

Siku nyingine nitaipanda tena ile daladala. Nikimkuta yule mzee nitamjibu vizuri: "Hapana mzee, simjui Remmy. Namjua mtu aliyekuwa anampenda."