Th ya Muthetheni

Mtu wa Mombasa akilisoma jina Muthetheni kwenye ramani, huenda akalitamka kwa th ya thelathini. Wenyeji wa wadi hiyo ya Mwala, Kaunti ya Machakos, hawalitamki hivyo. Katika Kikamba, th huwakilisha sauti ambayo Kiswahili huiandika dh, kama katika dhahabu. Herufi ni zilezile, sauti ni nyingine. Fonetiki, yaani taaluma ya sauti za usemi, huanzia hapo: inaziweka herufi kando na kuuliza kinywa kinafanya nini.

Weka vidole viwili kooni, uivute th ya thamani. Kisha uivute dh ya dhamana. Ulimi haukuhama, ncha yake bado inagusa meno ya juu na hewa inapita kwa kukwaruza. Kilichobadilika kiko kooni, ambako nyuzi za sauti sasa zinatetemeka hadi vidole vinahisi. Sauti yenye mtetemo huo huitwa ghuna, isiyo nao huitwa sighuna. Basi konsonanti yoyote hujulikana kwa kuuliza inatamkiwa wapi, hewa inazuiwaje, na kama nyuzi zinatetemeka.

Irabu hazina kizuizi. Zinatofautiana kwa jinsi ulimi unavyoinuka au kushuka, unavyosogea mbele au nyuma, na midomo inavyoviringwa. Kiswahili kina irabu tano, Kikamba kina saba. Mbili za ziada huandikwa ĩ na ũ: ya kwanza iko kati ya i na e za Kiswahili, ya pili kati ya u na o. Neno mũĩmi, mkulima, lina ũ, ĩ na i zikifuatana karibu karibu, na mwenyeji hazichanganyi hata akiongea mbio. Lakini kwenye vitambulisho na mabango alama hizo huachwa, na Mũeni huwa Mueni. Isitoshe, Kikamba ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana, na tahajia ya kawaida haionyeshi hilo. Kiswahili hakina toni za namna hiyo. Chenyewe hutegemea mkazo, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho.

Lafudhi ya Mkamba anayezungumza Kiswahili huigizwa mno na wachekeshaji wa Kenya, na jambo hilo linanikera. Wanaocheka hudhani wanasikia uzembe, kumbe wanasikia kanuni. Tazama maneno ambayo Kikamba kimeazima: mpira ni mũvila, gari ni ngali, pesa ni mbesa. Kikamba cha asili hakina r, kwa hiyo r ya mgeni hupewa nafasi ya l, sauti inayotamkiwa karibu nayo. Hakina p peke yake, kwa hiyo p ya mpira imekuwa v, inayotamkwa kwa midomo yote miwili kukaribiana, si kwa meno na mdomo kama v ya Kiswahili. Nazo b, d na g hutokea zikiwa zimetanguliwa na nazali tu, yaani mb, nd na ng, ndiyo maana gari likapata n. Kila lugha hupokea maneno ya wageni hivyo. Kiswahili chenyewe hupachika irabu katikati au mwishoni mwa maneno ya Kiingereza ili yapate silabi zinazokifaa.

Kukosekana kwa r kuna historia ndefu. Linganisha Kikamba na Gĩkũyũ, jirani yake wa karibu katika ukoo wa Kibantu. Kĩrĩma, mlima, kwa Kikamba ni kĩĩma. Mũrĩmi ni mũĩmi, mũgeni ni mũeni, mũgũnda, yaani shamba, ni mũũnda. Mahali ambapo Gĩkũyũ kina r au g, mara nyingi Kikamba hakina kitu, na irabu zilizobaki zimekutana. Mabadiliko ya sauti hufuata utaratibu wa namna hii, na huo ndio unaowawezesha wanaisimu kuthibitisha udugu wa lugha.

Sasa chukua Kĩrĩnyaga, jina la Gĩkũyũ la Mlima Kenya. Ondoa r, ondoa g: unapata Kĩĩnyaa, jina la Wakamba. Desemba 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliuona mlima huo akiwa Kitui, mgeni wa mfanyabiashara Mkamba Kivoi, akaliandika jina la mlima kuwa Kenia, na pengine Kegnia. Sidhani e hiyo ilitokea kwa bahati. Sikio la Mzungu lililosikia ĩ, irabu iliyo kati ya i na e, lilikuwa na sababu ya kuichukua kuwa e. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba jina la nchi nzima lilipitia kinywa cha Mkamba, na lina alama za kinywa hicho.

Kwa mwalimu wa Kiswahili darasani Muthetheni, haya yana kazi. Mtoto anayesema dhamani badala ya thamani hahitaji kukaripiwa. Tayari ana mahali pa kutamkia na namna ya kutamka. Kinachobaki ni kuzituliza nyuzi za sauti, na vidole viwili kooni vitamwonyesha. R ni kazi kubwa kidogo, kwa kuwa ncha ya ulimi lazima ipige-pige kwenye ufizi, ilhali katika l hutulia hapohapo na hewa ikapita pembeni. Aanze na l, aushike ufizi kwa ulimi, kisha ajifunze kuuachia na kuugonga tena upesi.