Kengele ya Frere Town

Wanangu, matatu ya Kisauni ikishavuka Daraja la Nyali, makanga hupaza sauti: "Kengeleni! Kengeleni!" Na kengele yenyewe ipo kweli, ndani ya mnara mdogo karibu na barabara. Iliwekwa na watu walioogopa kutekwa mara ya pili.

Mwaka 1873, Sultani Barghash wa Unguja alikubali kwa mkataba kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini. Manowari za Kiingereza zikazidi kuyawinda majahazi ya watumwa. Lakini waliookolewa warudi wapi? Wengi walichukuliwa kutoka bara wangali wadogo kama nyinyi, njia ya kurudi kwao hawaijui. Ndipo mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana wakaanzisha mji ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wakaupa jina la Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Unguja kuudai mkataba ule. Pakawa na kanisa, skuli na mashamba. Kengele ililia wakati wa sala, na ililia pia kuonya kwamba wateka watumwa wanakuja.

Mimi, nikiutaja mji huu, hunijia Chengwimbe kabla ya Frere. Alikuwa mtoto wa Kiyao. Alitekwa, akauzwa, jahazi lililombeba likakamatwa na Waingereza, naye akapelekwa India kusoma Nasik. Huko akaitwa Matthew Wellington. Alirudi Afrika kijana, akaungana na msafara wa mmisionari na mvumbuzi David Livingstone. Livingstone alipofariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Wellington alikuwa pamoja na Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao walioukausha mwili kwa jua na kuubeba kwa miguu hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Hebu fikirini: miezi yote hiyo, mizigo, homa, mito! Baadaye Wellington akaja kuishi Frere Town.

Msidhani uhuru ulikuja wote siku moja. Watumwa wa mashamba ya Pwani walitoroka wakakimbilia misheni, hasa Rabai, na mabwana wao wakawafuata kuwadai. Mwanzoni mwa 1889 ilibidi mabwana walipwe fedha ndipo watoro zaidi ya 1,400 wapewe hati za uhuru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Pwani ya Kenya mwaka 1907. Wellington aliishi akaiona siku hiyo; alifariki 1935.