Rupia ya Mjerumani: ujue unachouziwa

Wadau, kila nikishuka Korogwe nakuta dili lile lile kijiweni. Kuna mzee huko juu Mpale ana rupia ya Mjerumani, kuna mzungu Dar anaitaka kwa mamilioni, kinachokosekana ni hela ya kupimia tu. Hela ya kupimia unatoa wewe. Ukishatoa, simu haipatikani.

Haya, tuongee rupia yenyewe.

Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia zake mwaka 1890. Pwani ilikuwa imeshazoea rupia ya India, kwa hiyo Mjerumani akafuata uzito ule ule: gramu 11.66, fedha asilimia 91.7, iliyobaki shaba. Upande mmoja ni Kaizari Wilhelm II na kofia yake yenye tai juu, upande wa pili simba na mti kama mnazi. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Sarafu za kampuni ziliishia mwaka 1902. Kuanzia 1904 serikali ya koloni ikatoa zake, simba akaondolewa, na rupia ikagawanywa kwa hela 100. Ndiyo, hela hii hii unayomwomba mjomba ni Heller ya Mjerumani. Rupia za fedha ziliendelea mpaka zenye mwaka 1914. Ukioneshwa ya fedha iliyoandikwa 1885 au 1916, mrudishie mwenyewe na umuage vizuri.

Zilifikaje milimani kwetu? Kodi ya nyumba ilihesabiwa kwa rupia, reli ya Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, mashamba yakataka watu. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmsthal, yaani Lushoto ya sasa, ikaleta mambo ya kadi: mwanamume afanye kazi ya mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Rupia nyingi zilipatikana kwa jasho la namna hiyo, kwa hiyo hizi stori za masanduku yaliyofukiwa na maaskari mimi nazipokea kwa mashaka makubwa. Wengine walizitoboa wakazivaa shingoni. Bibi yangu alikuwa nayo moja, tundu limepita juu kabisa ya tai wa Kaizari.

Halafu eti ndani ina zebaki. Eti inavuta mchele. Jamani! Ni fedha na shaba, basi. Mchele hauvutwi na kimojawapo.

Sasa hesabu, na hapa ndipo muda wako wa kafe unalipa. Soko la dunia linapima fedha kwa wakia, gramu 31.1. Rupia moja ina fedha safi gramu 10.7 hivi, kwa hiyo rupia tatu ni kama wakia moja. Tafuta kwenye mtandao bei ya wakia ya fedha leo, gawa kwa tatu, umepata thamani ya madini yake. Bei hupanda na kushuka: iligusa karibu dola 50 mwaka 1980 na tena 2011, ikaanguka, mwaka 2025 ikapita hapo. Mkusanyaji anaweza kuongeza juu ya hapo kwa sarafu isiyolika au ya mwaka adimu. Ya rupia mbili, ya 1893 na 1894, ndiyo inayotafutwa zaidi. Lakini rupia moja ya kawaida, iliyotobolewa, haijengi nyumba.

Bibi wengine wana kitu kikubwa zaidi, riale ya Maria Theresa, yenye mama mnene na mwaka 1780. Mwaka huo usikutishe. Zilipigwa na kupigwa tena kwa tarehe ile ile, mpaka London na Bombay, na Vienna bado wanazitengeneza. Gramu 28, fedha safi kama robo tatu ya wakia. Na zile shilingi za simba za Mwingereza, za 1921 mpaka 1946, zina fedha robo tu. Unahitaji 16 kufikisha wakia. Kuanzia 1948 hazina fedha kabisa.

Wenzetu huko nje hukusanya sarafu za wakia nzima, fedha asilimia 99.9: tai wa Marekani tangu 1986, jani la Kanada tangu 1988, panda wa China wa kabla ya 2016. Hata tembo wa Somalia yupo, tangu 2004, ila anatengenezwa Bavaria. Sidhani kama amewahi kununua kilo ya sukari Mogadishu.

Ukiletewa rupia, nenda nayo kwa sonara. Mzani wake utasema: iliyolika itapungua kidogo chini ya 11.66, lakini ya gramu 8 au 14 ni feki. Sumaku isiishike. Na ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo na mlima, iliyopigwa Tabora mwaka 1916, zilitoka elfu 16 na ushee tu. Anayekuuzia kijiweni kwa laki moja anakuchukuliaje?

Kuchimba boma la zamani kutafuta mali kale kunataka leseni, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Na kama ipo nyumbani tayari, mwambie mama asiisugue kwa majivu. Ule weusi hauna ubaya, mikwaruzo ndiyo inayoshusha bei.