Rangi za Fataki na Mkono wa Mtoto

Chungu cha wali kikifurika, na maji yenye chumvi yakamwagikia mwali wa gesi, buluu ya moto hugeuka manjano mara moja. Chumvi ina madini ya sodiamu, nayo sodiamu ikipata moto hutoa nuru ya manjano. Fataki zinazopamba usiku wa Idd hufuata kanuni hiyo hiyo: strontiamu hutoa wekundu, bariamu kijani, kalisi rangi ya machungwa, na shaba buluu.

Zamani rangi hizi hazikuwako. Baruti ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, na moto wake hutoa nuru ya dhahabu iliyofifia. Katika karne ya 13, Hasan al-Rammah wa Sham aliandika namna ya kuisafisha shura kwa majivu ya kuni. Mwishoni mwa karne ya 18, Mfaransa Claude Berthollet alitengeneza klorati ya potasiamu, na kwa chumvi hiyo mafundi wa Ulaya wakapata rangi zilizokoza.

Mng'aro nao una dawa yake. Fundi atakaye mwanga mkali hutia unga wa magnesiamu au aluminiamu. Lakini akizidisha, weupe huimeza rangi. Buluu ndiyo ngumu kuliko zote, kwani shaba huhitaji klorini, na muungano wa viwili hivyo huvunjika joto likipita kiasi.

Hapo ndipo jambo hili linapotuhusu sisi wazazi. Palipo na mng'aro pana joto. Kijiti cha cheche tunachomshikisha mtoto hufikia zaidi ya nyuzi 1000 za Selsiasi, ilhali maji huchemka kwa nyuzi 100. Na cheche zikizimika, waya wake hubaki wa moto.

Basi, mtoto wa chini ya miaka mitano asishikishwe kabisa. Mkubwa wake avae nguo ya pamba isiyopepea, asimamiwe na mtu mzima, na kila kijiti kilichokwisha kitumbukizwe ndani ya ndoo ya maji. Akiungua, jeraha limiminiwe maji baridi ya mfereji kwa dakika 20, bila siagi wala dawa ya meno, kisha apelekwe hospitalini.

Watoto ni amana. Idd njema ni ile ambayo mikono yao hulala salama.