Kisanduku Kinachojua Pikipiki Imelala Kiasi Gani

Je, wajua kwamba pikipiki ya mbio ikilala kwenye kona, tairi zake huwa kama zimepungua ukubwa? Tairi la pikipiki si bapa kama la gari. Limeviringana kutoka ubavu hadi ubavu. Pikipiki ikiwa wima, tairi hubingirika kwa katikati, penye mzingo mkubwa. Ikilala, hubingirika kwa ubavu, ambako mzingo ni mdogo. Na kwa kuwa tairi la nyuma ni pana kuliko la mbele, mizingo ya matairi hayo mawili haipungui sawasawa.

Jambo hilo liliwasumbua sana wahandisi. Kompyuta ya pikipiki hugundua kwamba tairi la nyuma linateleza kwa kulinganisha kasi ya magurudumu mawili: la nyuma likizunguka haraka kuliko inavyopasa, linateleza. Lakini kwenye kona magurudumu hutofautiana kasi hata pasipo kuteleza. Kompyuta isiyojua pikipiki imelala nyuzi ngapi itakata nguvu bure, au itaacha kukata wakati hatari imeshafika.

Ndiyo sababu Yamaha YZF-R1 ya mwaka 2015 ilitoka na kisanduku kidogo kinachopima mambo sita. Matatu ni mizunguko: pikipiki inavyolala kushoto na kulia, inavyoinua na kuinamisha pua, na inavyogeuka. Matatu mengine ni msukumo wa mbele na nyuma, wa pembeni, na wa juu na chini. Hesabu yote hufanywa mara 125 kila sekunde. Mkono wa binadamu, hata wa bingwa, haufikii hapo.

Ajali ambayo kisanduku hiki husaidia kuzuia ni ile waendeshaji wa uwanjani wanayoiogopa kuliko zote. Mtu anatoka kwenye kona, anafungua mafuta mapema mno, tairi la nyuma linateleza kwenda nje. Anashtuka, anafunga mafuta ghafla. Tairi linashika lami tena mara moja, pikipiki inajinyoosha kwa nguvu, springi zilizobanwa zinafyatuka, naye anarushwa hewani kupita juu ya usukani. Kompyuta, ikitumia vipimo vya kisanduku, huingilia kabla mtelezo haujawa mkubwa: huchelewesha cheche ya plagi, hukata cheche kwenye baadhi ya silinda, au hufunga kidogo vilango vya hewa, ambavyo siku hizi hufunguliwa na mota ya umeme badala ya waya kutoka mkononi.

Kwa nini basi mtu apunguze msaada kama huo? Kwa sababu tairi la mbio husukuma vizuri zaidi likiteleza kidogo. Ukiuweka msaada kwenye kiwango cha juu, injini inakabwa kila unapotoka kwenye kona, pikipiki inadodora, na aliye nyuma anakupita. Kuna hasara nyingine ninayoiona kubwa zaidi: mkono unazoea kufungua mafuta ovyo kwa kuwa kompyuta italipa deni. Mwendeshaji wa namna hiyo hajifunzi tairi linasemaje.

Waandaaji wa British Superbike, mashindano ya pikipiki ya Uingereza, walilichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 2012 walilazimisha timu zote kutumia kompyuta moja, isiyo na udhibiti wa mtelezo wala kizuizi cha kunyanyuka gurudumu la mbele. Pikipiki zilikuwa za cc 1000, zenye nguvu za farasi zipatazo 200, kwenye viwanja vyembamba kama Cadwell Park, ambako kuna kilima kinachorusha pikipiki hewani. Mwendeshaji Shane Byrne alitwaa ubingwa mwaka huo kwa mkono wake mwenyewe wa mafuta. MotoGP, mashindano ya dunia ya pikipiki, ilichagua njia ya kati: tangu 2016 timu zote hutumia programu moja, na misaada imebaki. ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasigande wakati wa kufunga breki, hairuhusiwi huko kabisa.

Na misaada hiyo haiumbi mshiko usiokuwepo. Julai 2020, kwenye uwanja wa Jerez, Uhispania, mwendeshaji wa MotoGP Marc Márquez alirushwa namna ileile akiwa juu ya Honda yenye vifaa vyote hivyo. Alivunjika mfupa wa mkono wa kulia, na hakushindana tena msimu huo. Gurudumu la mbele nalo lina mambo yake. Likitoka chini yako katikati ya kona, udhibiti wa tairi la nyuma hauna la kufanya.

Kwa mtu wa kawaida anayekwenda uwanjani mwishoni mwa juma, nasema hivi bila kusita: ABS ya mbele usiizime. Pikipiki kadhaa za leo zina mpangilio wa uwanjani unaozima ABS ya nyuma tu, na huo unatosha kabisa. Mabingwa wasiotumia ABS hufunga breki kila siku kwa ajira. Udhibiti wa mtelezo anza nao katikati, ukishuka kiwango kimoja kimoja, na usishuke mpaka uwe unatoka kwenye kona zote bila taa yake kuwaka. Asubuhi ya baridi, au mvua ikianza, urudishe juu.

Kisha kuna kosa linalofanywa mno. Mtu anavua tairi za barabarani, anavalisha za mbio zenye ukubwa tofauti, halafu anashangaa pikipiki inakata nguvu hata kwenye sehemu iliyonyooka. Kompyuta bado inapiga hesabu kwa mzingo wa tairi za zamani. Pikipiki kadhaa zina utaratibu wa kuifundisha upya: unaendesha kwa mwendo usiobadilika, pikipiki ikiwa wima, hadi ikubali vipimo vipya. Fanya hivyo kabla ya kugusa kiwango chochote cha msaada.