Kabla ya Kumlaumu Jirani, Soma Mita

Leo siasa tuiweke kando, na bei ya mahindi tuiache sokoni. Nataka tuzungumzie maji yanayovuja majumbani mwetu, namna ya kuyagundua, na namna ya kuyazuia kabla hayajatuletea ankara nzito na ugomvi uani.

Naanza na kisa changu mwenyewe, tena kisa cha aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mpangaji hapa Elerai, katika nyumba ya uani yenye familia tano, choo kimoja cha ndani na mita moja ya maji. Kila mwezi ankara ilipokuja tuligawana sawa kwa sawa, na maneno hayakuwapo. Mwezi mmoja ankara ikaja mara mbili ya kawaida. Mwenye nyumba akaitisha kikao.

Miongoni mwetu alikuwapo mama mmoja aliyefua nguo za watu kwa ujira. Alikuwa na watoto wawili na mabeseni manne. Hakuna aliyeona haja ya kwenda mbali kumtafuta mwenye kosa. Mama yule alijitetea kwamba hakufua zaidi ya alivyofua mwezi uliotangulia, lakini hatukumsikiliza. Ikaamuliwa alipe nusu ya ankara nzima au ahame. Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono, na mkono wangu ulikuwamo.

Mama akahama. Mwezi uliofuata mabeseni hayapo, kamba za nguo ni tupu, na ankara ikaja kubwa vilevile.

Hapo ndipo tulipomwita fundi mmoja mzee. Tulipokwisha kumwamkia hakufungua hata mfuko wake wa zana. Aliuliza tu, "Mita iko wapi, wanangu?" Akatuambia tufunge koki zote, kisha akachuchumaa mbele ya mita akiitazama. Ndani yake kilikuwamo kinyota kidogo kinachozunguka polepole. Koki zote zimefungwa, lakini maji yanakwenda! Mzee akaingia chooni, akainua mfuniko wa tangi. Maji yalikuwa yakiteremka kutoka kwenye tangi kwenda bakulini, membamba kama uzi, bila sauti yoyote. Kipira cha chini kilikuwa kimechakaa. Kipira hicho ndicho kilichomhamisha mama wa watu.

Ndugu msikilizaji, fuata hesabu hii. Uniti moja ya maji ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Tangi la choo likivujisha glasi moja ya robo lita kwa kila dakika, kwa siku zinapotea lita 360, ambazo ni ndoo 18. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 10,800, karibu uniti 11, na hakuna aliyenawa hata mkono.

Kwa hiyo somo la kwanza ni kuisoma mita. Fanya hivi usiku watu wakishalala, wakati ambao maji yapo bombani. Hakikisha koki zote zimefungwa, na tangi la juu, kama unalo, limejaa na limeacha kupokea maji. Tazama kinyota au kigurudumu kile kidogo. Kama kinazunguka, mahali fulani panavuja. Kama kimetulia, bado usiamini haraka: andika tarakimu zote unazoziona, nyeusi na nyekundu, kisha rudi alfajiri kabla mtu hajafungua koki, uandike tena. Tarakimu zikiwa zilezile, mabomba yako ni mazima, na sababu ya ankara itafutwe katika matumizi. Zikiwa zimesogea, unacho cha kutafuta.

Somo la pili ni kupunguza mahali pa kutafuta. Kando ya tangi la choo kwa kawaida huwapo valvu ndogo. Ifunge, kisha urudi kwenye mita. Kinyota kikisimama, mwizi umempata. Kikiendelea, fungua tena na ufunge valvu ya jikoni, kisha ya bafuni, moja baada ya nyingine. Ukifunga valvu kuu ya kuingilia nyumbani na kinyota bado kinazunguka, uvujaji uko kati ya mita na valvu hiyo, yaani ardhini. Kwa njia hii hutavunja sakafu ya jikoni kutafuta kosa lililoko chooni, kama walivyofanya wengi.

Sasa tuje kwenye choo chenyewe. Ndani ya tangi mna vitu viwili vya kuangalia. Kwanza ni boya, ambalo hupanda na maji na kufunga yanapofika kipimo chake. Boya likikwama au likiwa limewekwa juu mno, maji hupanda hadi mdomo wa bomba lililosimama katikati, yakamwagikia humo bila kukoma. Dawa yake ni kulishusha boya kidogo, maji yasimame vidole viwili chini ya mdomo huo. Kitu cha pili ni kipira cha chini, kinachoziba tundu la kwenda bakulini. Hiki huwezi kukijua kwa macho. Chukua bluu ile ya kufulia, koroga kidogo katika maji ya tangi, na mtu yeyote asivute maji kwa nusu saa. Ukikuta bakuli nalo limegeuka rangi, kipira hakizibi. Funga valvu, toa maji, panguza mahali kinapokalia, kwa maana mara nyingine ni mchanga tu. Kama kimekakamaa au kimepinda, badilisha.

Nije kwenye koki inayodondosha. Koki ya kuzungusha ina umri mrefu: hataza yake ilitolewa Uingereza mwaka 1845, na kanuni yake haijabadilika. Ukikaza, skrubu inashusha kipira kidogo, ambacho mafundi hukiita wosha, kinakaa juu ya tundu la shaba na kuziba. Wosha ikichakaa, koki hudondosha. Hapo wengi wetu hukosea: tunakaza kwa nguvu zote, tena kesho tunakaza zaidi. Kukaza huko huikata wosha na mwisho huharibu hata shaba inayokaliwa. Tone moja kwa kila sekunde ni kiasi cha ndoo moja ya lita 20 kwa siku. Si jambo la kungojea sikukuu.

Kubadilisha wosha ni kazi ya robo saa. Funga kwanza valvu kuu, kisha fungua koki maji yaliyobaki yatoke. Kama ni koki ya sinki, ziba tundu la sinki kwa kitambaa, maana skrubu ndogo hupenda kupotelea humo. Toa mpini, halafu fungua kichwa cha koki kwa spana, ile ya kupanua na kubana ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kulitamka redioni. Chini ya shina utaiona wosha. Nenda nayo dukani, usikadirie ukubwa kwa macho. Kabla ya kurudisha, pitisha kidole kwenye shaba ya ndani; ukihisi mikwaruzo mirefu, wosha mpya haitadumu na koki yenyewe ibadilishwe. Zile koki za kisasa zinazofunguka kwa robo mzunguko hazina wosha ya namna hii. Kwake hubadilishwa kichwa cha ndani kizima.

Kwenye maungio, penye meno ya skrubu, uvujaji mwingi hutokana na ule utepe mweupe kuzungushwa kinyume. Uzungushe kuelekea upande uleule unaokazia, vinginevyo utajikunja na kutoka wakati unakaza. Kwa mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa gundi, kausha na usafishe ncha zote mbili kabla ya kupaka, na usifungulie maji mpaka muda ulioandikwa kwenye kopo upite. Kufunga mpira wa baiskeli juu ya ufa ni huduma ya kwanza ya kulala nayo usiku mmoja tu.

Kuna tabia moja zaidi. Maji yanapokatika tunafungua koki, tukiona hayatoki tunaondoka bila kuifunga. Maji yanarudi saa nane mchana, hatupo, nayo yanamwagika mpaka jioni. Wafundishe watoto: koki ifungwe hata kama haitoi kitu.

Na ule uvujaji wa ardhini? Jina la kata yetu linatokana na mti ambao Wamaasai huuita olerai, mgunga wenye gome la njano, unaopenda kuota mahali maji yalipo karibu chini ya ardhi. Wazee walisoma miti wakajua maji yalipo. Nasi tusome ua. Ukiona wakati wa kiangazi mstari wa majani mabichi kutoka kwenye mita kuelekea nyumbani, au ukuta wenye unyevu usiokauka chini, hapo ndipo pa kuchimba. Kwa kawaida bomba la kutoka barabarani mpaka kwenye mita ni jukumu la Mamlaka ya Majisafi, ambayo hapa kwetu ni AUWSA, na ukiliona linavuja toa taarifa. Kuanzia mita kwenda ndani ni lako au la mwenye nyumba. Ukiwa na malalamiko kuhusu ankara, anzia kwa Mamlaka, na usiporidhika unaweza kufika EWURA. Lakini nenda na daftari lenye tarehe na tarakimu za mita, kwa sababu hasira haina risiti.

Wengine watasema, maji Arusha si tatizo, Mlima Meru uko juu yetu. Ndugu zangu, visima na chemchemi nyingi kuuzunguka mlima huo zina floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, nayo haiondoki kwa kuchemsha. Maji yafaayo kunywa ni machache kuliko tunavyodhani tunapoitazama mito.

Na kwa wenye nyumba wanaopangisha familia nyingi: wekeni mita ndogo kwa kila mlango ikiwezekana. Kama haiwezekani, wapangaji wapeane zamu ya kusoma mita kila Jumamosi na kuandika ukutani mahali wote wanapoona. Ankara haitamshtua mtu, na uvujaji utajulikana ndani ya wiki moja.

Namalizia na mama yule. Nilimtafuta nikampata mtaa mwingine, anafua kama kawaida. Nikamweleza habari za kipira, nikamwomba radhi kwa mkono wangu ule. Hakunifokea. Alikamua shuka aliyokuwa nayo, akaniuliza, "Kaka, siku ile mlipima?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi siku nyingine mpime kwanza." Akaendelea na kazi yake.

Nami nakwambia hivyohivyo, ndugu msikilizaji. Usiku wa leo, kabla hujalala, tembelea mita yako. Mpaka wiki ijayo, kwaherini.